Kampuni ya bima ikianguka, nani anamlipa aliyegongwa?

Mwaka 2024 mamlaka inayosimamia bima nchini Kenya iliikabidhi kampuni ya Invesco kwa mfilisi. Invesco ilijulikana zaidi kwa kukatia bima matatu, yale mabasi madogo yanayobeba watu Nairobi na kwingineko. Mwaka mmoja kabla, ilikuwa zamu ya Xplico, nayo ya magari. Mwaka 2022 ilikuwa Resolution, iliyouza bima ya afya. Katika miaka mitatu kampuni tatu zimeondoka, na nyuma ya kila moja wamebaki watu wenye karatasi mkononi: huyu alishinda kesi ya mguu uliovunjika, yule anadaiwa fidia ambayo kampuni yake ilikuwa imeahidi kumlipia.

Mkaaji wa Butembo au Bunia anaweza kusema hayo ni mambo ya Kenya. Lakini lori linalotoka Mombasa hadi Kasindi, Bunagana au Mahagi linavuka mpaka likiwa na kadi ya manjano ya COMESA, na Kongo imo katika mpango huo. Kadi ile inamaanisha kwamba kampuni ya bima ya nchi lori lilikotoka imekubali kubeba hasara ambayo dereva ataileta huku. Ajali ikitokea Kongo, madai yanashughulikiwa huku, kisha pesa zinadaiwa kwa kampuni iliyotoa kadi. Kama kampuni hiyo imekufa, deni linahamia kwa mwingine, na kila anayefikiwa na deni la marehemu anavuta muda.

Kuna sababu ya pili, nayo ni ya nyumbani kabisa. Kongo imefungua soko lake la bima baada ya karibu miaka 50 ya kampuni moja. Tumesikia hotuba nyingi kuhusu kampuni mpya zinazoingia. Kuhusu namna kampuni inavyotoka sokoni, hotuba ni chache.

Kampuni isiyoweza kufa

Novemba 1966, mwaka mmoja baada ya Mobutu kuchukua madaraka, Serikali iliunda SONAS na kuipa peke yake haki ya kuuza bima nchini. Januari 1973 ikaja sheria ya kumlazimisha kila mwenye gari kuwa na bima ya kulipa anaowaumiza. Ukitaka kununua asiransi, mlango ulikuwa mmoja. Ukitaka kulalamika, ulirudi kwenye mlango uleule.

Katika mfumo kama huo neno kufilisika halina kazi. Hakuna hakimu atakayeifunga kampuni ya Serikali ambayo sheria inamlazimisha kila dereva kuipelekea pesa. Badala ya kufa, kampuni inachelewa. Malalamiko ya kulipwa baada ya miaka, au kutolipwa kabisa, yamekuwa wimbo wa zamani katika miji yetu, na dereva wengi walizoea kununua ile karatasi kwa ajili ya polisi wa barabarani tu.

Tena kulikuwa na kufilisika kwa aina nyingine, ambako hakuna tribinali iliyokutangaza. Mwaka 1967, pesa ya zaire ilipozaliwa, zaire moja ilikuwa sawa na dola mbili. Oktoba 1993 Serikali ilitoa zaire mpya, na moja ilibadilishwa kwa zaire za zamani 3,000,000. Mwaka 1998 ikaja franka ya Kongo, moja kwa zaire mpya 100,000. Piga hesabu: franka moja ya 1998 ilimeza zaire za zamani bilioni 300. Mtu aliyeahidiwa katika miaka ya 1970 kwamba akizeeka, au akifa, familia yake itapokea kiasi fulani cha zaire, ahadi yake haikuvunjwa kwenye karatasi hata mara moja. Ilibaki imeandikwa vilevile, ila haikuweza kununua hata kiberiti. Wazee wengi wa mashariki hawaamini bima, na vijana huona ni ushamba. Mimi naona ni kumbukumbu.

Tarehe 17 Machi 2015 sheria nambari 15/005, yaani kodi ya bima, ilimaliza ukiritimba huo. Ikaundwa ARCA, mamlaka ya kutoa vibali na kukagua kampuni, na mwaka 2019 vibali vya kwanza vikatolewa. Wakaingia Rawsur, SFA Congo, Activa yenye asili ya Kameruni, kisha wengine, akiwemo Mayfair kutoka Kenya. SONAS bado iko, sasa ikishindana. Tangu siku hiyo Kongo ina kitu ambacho haikuwa nacho kwa nusu karne: kampuni za bima zinazoweza kufa. Hilo si tusi kwa kampuni yoyote kati ya hizo. Soko ndivyo lilivyo: anayeruhusiwa kuingia kwa mtaji wake anaweza pia kuumaliza.

Sheria iliyojifunza kumsamehe mfanyabiashara

Basi kampuni ikimaliza mtaji, tuna sheria gani? Kwa muda mrefu tulikuwa na dekreti ya Wabelgiji ya tarehe 27 Julai 1934. Ilitokana na fikra za zamani za Ulaya kwamba mfanyabiashara anayeshindwa kulipa ni mtu wa kutiliwa shaka: ananyang'anywa usimamizi wa mali yake, vitu vinauzwa, wadai wanagawana. Haikujali sana kama duka lingeweza kupona. Uhuru ulikuja 1960, Mobutu akaja na kuondoka, na dekreti ile ilikuwa bado imekaa.

Iliondoka kwa mlango wa OHADA, umoja wa nchi za Afrika, nyingi zikiwa za Kifaransa, zilizokubaliana mwaka 1993 huko Port Louis kuwa na sheria moja ya biashara. Kongo ikawa mwanachama rasmi Septemba 2012. Pamoja na mambo mengine ilipokea sheria ya pamoja ya kufilisi iliyopitishwa mwaka 1998, ambayo nayo ilifanyiwa marekebisho makubwa tarehe 10 Septemba 2015 huko Grand-Bassam, Côte d'Ivoire. Marekebisho yale yaligeuza mtazamo. Mwenye kampuni inayoyumba anaweza kuomba mapatano ya siri na wadai wake kabla mambo hayajaharibika. Anaweza kuomba tribinali imkinge kwa muda ili apange namna ya kulipa. Wafanyabiashara wadogo wamewekewa njia fupi zaidi. Kuuza kila kitu kumebaki kuwa hatua ya mwisho.

Mwezi huohuo Kenya ilipitisha sheria yake mpya ya kufilisi, ikafuta ile iliyorithi kwa Waingereza. Fikra ilikuwa moja pande zote mbili: kampuni yenye deni inaweza kuwa mgonjwa tu, na mgonjwa anatibiwa.

Lakini soma kifungu cha kwanza kabisa cha sheria ya OHADA. Kinasema kwamba kwa shughuli zenye utaratibu wao maalum, kama benki na kampuni za bima, sheria hii inatumika tu pale ambapo kanuni za sekta hiyo hazikusema vingine. Kwa lugha ya kawaida: dawa mpya ya 2015 ni ya muuza simenti, mwenye hoteli na mwenye kiwanda cha sabuni. Mwenye kampuni ya bima aende kwanza kwa mamlaka yake. Na hatuko peke yetu. Marekani iliandika mwaka 1910 kwamba kampuni za bima hazimo katika sheria yake ya kufilisi, na ilipoandika sheria mpya mwaka 1978 haikubadili neno hilo.

Bima inavyopindua biashara

Muuza simenti ananunua kwanza, anauza baadaye. Akianza kufilisika utaona: rafu zinakuwa tupu, wasambazaji wanamfuata dukani, wafanyakazi hawalipwi. Kampuni ya bima inapokea pesa leo ili ilipe kesho, labda baada ya miaka mitano kesi itakapoisha. Kwa hiyo inaweza kuwa imekufa huku keshi inaingia kila asubuhi. Mbaya zaidi, kampuni inayozama ina kishawishi cha kushusha bei ili ivute wateja wengi haraka, na pesa za mteja mpya zinalipa ajali ya mteja wa zamani. Mwenye gari anafurahi kwamba amepata bei nzuri. Waingereza walijifunza hili mwaka 1971, wakati kampuni ya Vehicle and General, iliyopendwa kwa bei zake za chini, ilipoanguka ghafla na kuwaacha karibu wenye magari milioni moja bila bima. Mwaka 1975 Bunge lao likapitisha sheria ya kuwalinda wateja: kwa bima za lazima, kama ile ya gari, fidia yote ingelipwa, kwa nyingine, asilimia 90.

Kisha angalia wadai ni akina nani. Wanaomdai muuza simenti ni benki na wafanyabiashara wenzake, watu waliokubali kumkopesha wakijua hatari. Anayeidai kampuni ya bima anaweza kuwa mama aliyegongwa akitoka sokoni Sake. Hakuchagua kampuni, hakusoma mkataba, wala hajui jina la kampuni hadi siku avoka wake anapomwambia. Kama tungempanga kwenye foleni ya kawaida ya kufilisi, angesimama nyuma kabisa: mbele yake kuna gharama za tribinali, mishahara ya wafanyakazi na benki yenye rehani ya jengo.

Ndiyo maana nchi nyingi zinampa haki ya kutangulia. Katika nchi 14 za CIMA, umoja wa bima wa Afrika ya Magharibi na ya Kati ambao Kongo haimo, mwenye bima ana haki ya kulipwa kabla ya wadai wengine wengi. Na kuna kanuni moja huko inayonivutia kila ninapoisoma: kampuni ikinyang'anywa kibali, mikataba yake ya magari na moto inakoma yenyewe saa sita mchana ya siku ya arobaini baada ya tangazo. Arobaini, kama matanga. Siku hizo zinampa mteja nafasi ya kutafuta kampuni nyingine kabla hajabaki barabarani bila kitu. Sharti ni kwamba tangazo limfikie.

Kenya: kinga inayomwacha mtu nje

Orodha ya Kenya ni ndefu. Ilianza na kampuni ya Serikali yenyewe, Kenya National Assurance, iliyofungwa mwaka 1996. Baadaye ilibidi iundwe nyingine, mwaka 2001, ili kushughulikia bima za maisha zilizobaki. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilianguka Access, Stallion na Lakestar. Mwaka 2005 ikafuata United, iliyokuwa imekatia bima matatu nyingi. Standard 2009, Blue Shield 2011, Concord 2013. Nyingi ziliishi kwa bima ya magari ya abiria, biashara ambayo madai yake ni mengi na udanganyifu wake pia ni mwingi.

Sheria ya bima ya Kenya inairuhusu mamlaka kuweka meneja wake ndani ya kampuni inayoyumba, na meneja huyo anaweza kutangaza kusimamisha malipo yote kwa wateja na wadai wengine. Kwa duka, amri ya namna hiyo ni pumzi: wadai wanasubiri, biashara inapata nafasi ya kujipanga. Kwa kampuni ya bima mambo yanageuka. Malipo yale ndiyo bidhaa yenyewe. Kuyasimamisha ni sawa na mkate kuacha kutoka huku tanuri bado linapokea pesa.

Na hapo ndipo lilipoibuka swali lililowagawa mahakimu wa Kenya kwa miaka. Kampuni imekingwa, haiwezi kudaiwa. Je, mwenye gari naye amekingwa? Yeye alilipa bima yake kihalali. Lakini aliyegongwa ana hukumu, na hukumu imeandikwa kwa jina la mwenye gari, si la kampuni. Mahakimu wengine walisema mwenye gari asiguswe, kwa sababu vinginevyo bima haina maana. Wengine walisema amri inakinga kampuni tu. Aliyeumia hawezi kuambiwa asubiri bila mwisho kwa sababu ya mkataba usiomhusu. Kila jibu lina haki upande mmoja na dhuluma upande wa pili. Ukimkinga mwenye gari, majeruhi anabaki na makovu na karatasi. Ukimwachia majeruhi, dalali anachukua matatu ya mtu aliyefanya kila alichoamriwa na sheria.

Kenya ilijaribu kutoka humo kwa kuunda mfuko wa kuwafidia wenye bima, ulioanza katika miaka ya 2000. Kila ada ya bima inakatwa asilimia 0.25 kwa mteja na 0.25 nyingine kwa kampuni. Wazo ni zuri, lakini kikomo cha malipo ni shilingi 250,000 kwa dai. Ni chini ya dola 2,000. Hukumu ya mtu aliyepoteza mguu inapita hapo mara nyingi, na sehemu iliyobaki inarudi palepale: kwa mfilisi, kwenye foleni, au kwa mwenye gari. Mfuko huohuo ndio hupewa kazi ya kusimamia ufilisi wa kampuni hizo, kwa hiyo una shughuli.

Kwa nini mamlaka haikufunga mapema? Si lazima kutafuta rushwa kila mahali. Kufunga kampuni ya matatu ni kusimamisha maelfu ya magari asubuhi moja, na waziri ataulizwa kwa nini watu wanatembea kwa miguu. Kuiacha mwezi mmoja zaidi hakuna anayeuliza. Hivyo mwezi unakuwa mwaka, na shimo linachimbika.

Kongo tunasimama wapi

Sisi tuna ARCA, na sheria imeipa nguvu za kutosha kutoa kibali na kukiondoa. Kipimo chake kitakuwa siku ya kwanza itakapobidi kuinyang'anya kibali kampuni kubwa yenye marafiki Kinshasa. Hadi siku hiyo, kuna mambo ya kawaida ambayo mteja wa mashariki ana haki ya kuyaona: hesabu za kila kampuni zichapishwe mahali panaposomeka, na pamoja nazo idadi ya madai yaliyopokelewa, yaliyolipwa, na muda yaliochukua. Nambari hiyo ya mwisho ndiyo inayotangulia kuugua. Kampuni iliyokuwa inalipa kwa miezi mitatu ikianza kulipa kwa miezi kumi, huhitaji kuwa mtaalam wa hesabu ili ushtuke.

Kwa upande wetu wa mashariki kuna hatari za ziada. Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilikata Goma katikati na kuacha zaidi ya watu 100,000 bila makao. Mei 2021 mlima ukawaka tena. Kampuni yenye wateja wengi wa moto katika mji mmoja kama huu inaweza kumalizwa na usiku mmoja, isipokuwa kama imegawana hatari hiyo na kampuni kubwa za nje zinazokatia bima makampuni ya bima. Mwenye jengo Goma ana haki ya kuuliza: mmegawana na nani, na kwa kiasi gani? Kuhusu vita, mikataba mingi inaitoa nje moja kwa moja, kwa hiyo hapo hata kampuni yenye afya hailipi. Soma ukurasa wa nyuma kabla ya kusaini.

Tangu mwanzo wa 2025 wakaaji wa Goma na Bukavu wamejua pia kwamba taasisi inaweza kuwa nzima huko Kinshasa na mlango wake ukafungwa huku. Benki zilipofunga, pesa hazikupotea kwenye vitabu, lakini mtu mwenye mgonjwa hospitalini hakuweza kuzigusa. Mwaka 2016 wateja wa benki ya BIAC nao walipangiwa kiasi cha kutoa wakati benki ilipokosa keshi. Mteja anayesubiri hatofautishi kampuni iliyofilisika na kampuni isiyofikika.

Linabaki swali la mahakimu wa Kenya, ambalo linaweza kujibiwa kwa mistari michache ya kanuni kabla ya kampuni yoyote kuanguka: siku malipo ya kampuni ya bima yatakaposimamishwa, motari aliyelipa asiransi yake na mtu aliyemgonga, nani kati yao atalindwa, kwa muda gani, na kwa pesa za nani? Kuandika jibu sasa, wakati kampuni zote bado zinafungua milango asubuhi, hakumgharimu mtu kitu. Wakenya waliliandika mahakamani, kesi kwa kesi, majeruhi wakiwa wamekaa kwenye benchi.